Ufunguo wa Stoo ya Majaketi

Nahodha mstaafu alikuwa anasimulia tena, na Dobi alikuwa anamsikiliza kwa kinyaa. Walikuwa ofisi ya bandari, manusura tisa na kamati, wakikubaliana maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la kumbukumbu. Miaka thelathini tangu meli izame, na kila mwaka mzee huyu anaitia hadithi chumvi mpya.

"Nikaamuru majaketi ya kuokolea yatolewe," alisema, mkono kifuani. "Kumbe mtunza stoo keshatoroka na ufunguo! Ndiye aliyetumaliza."

Manusura wenzake wakatikisa vichwa kumwunga mkono. Mmoja mwaka juzi aliapa mtunza stoo aliruka upande wa kulia. Leo anaapa ni kushoto. Mwingine, aliyelala fofofo mpaka maji yakamfika puani, siku hizi anakumbuka hata rangi ya shati. Uongo wa kuokoteza, tena hauna hata haya.

Mtunza stoo alikuwa kaka yake Dobi. Mjane wake, wifi yake Dobi, alikuwa ameketi ubavuni pake. Kilichowaleta ni kimoja: jina la marehemu lichongwe pamoja na wenzake, au liachwe nje kama la mtoro.

Na Dobi alijua ukweli, maana yale majaketi alikuwa akiyafua yeye, mfuaji wa meli. Abiria waliyalalia, wakawafutia watoto kamasi, na mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu. Nahodha akaamuru yakishakauka yafungiwe stoo, yamkute mkaguzi yakimeta. Ufunguo akauvaa mwenyewe shingoni. Watu mia mbili wakafa ili majaketi yasichafuke!

Akasimama. "Ufunguo alikuwa nao huyu. Tulipokuwa kwenye boti ya kuokolea nilimwona akiuvua shingoni, akautupa majini. Kaka yangu tulimwacha kule juu melini, anapasua mlango wa stoo kwa shoka."

Nahodha akacheka kwa upole wa kuchukiza. "Mama, ni uzee huo. Maelezo yako kwa tume iliyochunguza ajali haya hapa, na alama ya dole gumba lako: hukuona ufunguo. Sasa tushike lipi?"

Mate yalimjaa Dobi mdomoni. Hakujua amtemee nani kwanza. "Dole ni langu. Ulinipa kazi ya kufua mashuka ya kampuni ya meli, nikafunga mdomo. Miaka kumi na tisa nimekula humo. Unanitia kinyaa, Nahodha, na mimi mwenyewe najionea kinyaa."

Mwenyekiti wa kamati alichukua kalamu. "Mtu hawezi kujipaka uchafu huu bure," alisema, akaliandika jina la mtunza stoo kwenye orodha ya marehemu.

Dobi akamgeukia wifi yake, karibu atabasamu.

"Wanangu wameitwa watoto wa mtoro mpaka wakahama mji," wifi alisema taratibu. "Na wewe kila Jumapili ulikuja kwangu, ukala, ukanifuta machozi."

Akabeba kiti chake. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kando ya nahodha, na huko ndiko alikoenda kukaa.