Fundi Aliposema Ni Basi

Baba yangu alizaliwa Nuu, mama yangu Zombe, nami nikazaliwa huko huko kwa kina mama kabla baba hajatuhamishia upande huu wa Makueni kutafuta ardhi. Majina yao, mjukuu wangu unayeniandikia haya, nimekukataza kuyaandika, kwa kuwa wasomaji wa mbali hawana haja nayo. La mama yangu unalo wewe. Ndiyo maana tangu utotoni mwako nimekuita mwaitu, yaani mama, ijapokuwa wewe ni mjukuu na mimi ndiye ninayekukemea.

Shule sikuingia. Kiswahili nilikipata kanisani, kwa kusomewa na kuhubiriwa, na katika kazi ya barabara, ambako msimamizi alikuwa na neno moja tu la kutufurahisha. Alisema, "Basi!" nasi tukatupa sepetu. Kwangu mimi neno hilo lina maana moja: jambo limekwisha, chukua koti lako uende.

Nyanya yako alipofariki, nilibaki na redio. Watoto wangu wote wako mijini, na kila mmoja alitaka nihamie kwake, nikakataa. Nilipokwenda shambani niliiacha redio ikisema, ili nikirudi nikute mtu anazungumza. Mahindi na maharagwe niliyapika katika sufuria ileile ya siku za watu wengi, kisha nikayala mpaka yakachacha. Hayo hukuyajua. Mlipopiga simu nilisema niko salama, na kwa kweli sikuwa mgonjwa.

Kisha ukaja wewe na kompyuta yako. Ulikuwa umemaliza chuo, na mwenye studio wa mji wa Wote alikuwa amekupa kazi ya kukata na kuunganisha video za arusi na za mikutano ya injili. Ulisema utakaa kwangu kwa sababu hapa ni kimya. Nilikujibu kwamba kuni ziko nje na maji ya kuoga hayaji yenyewe. Hukujali. Kuanzia asubuhi nilisikia arusi za watu nisiowajua, vigelegele vikirudiwa na kurudiwa, nawe ukiisema mashine kama mtu anayemsema ng'ombe mkaidi. Redio niliizima.

Kisha kompyuta ikaanza kulemewa. Ulikuwa na diski mbili za nje: kubwa, yenye video kama zilivyopigwa, na ndogo, ya kupokea kazi iliyokamilika. Zote ulizichomeka, pamoja na modemu ya intaneti, katika kifaa kipya chenye matundu manne, ambacho chenyewe huingia katika kompyuta kwa waya mmoja. Kazi iliyokwisha kabla chai haijapoa sasa ilikufikisha adhuhuri. Ulifuta mafaili, ukasaka virusi, ukabadilisha waya. Ulichomeka diski kubwa peke yake, ikaenda mbio. Ukachomeka ndogo peke yake, nayo ikaenda. Ulipoziweka pamoja, zikakwama.

"Babu, hizi vitu zinanichukia," ulisema.

"Labda zinachukiana," nilikujibu. Hukucheka.

Jioni moja mwenye studio alikupigia simu, nawe ukarudi mezani uso umekunjamana. "Bwana arusi amelalamika. Boss anasema nikichelewa tena nihamie Wote nitumie mashine yao."

"Na utakwenda?"

"Nitafanya nini, Babu?"

Niliitazama sahani yangu. Sikuwa nimewahi kumwomba mtoto wangu yeyote abaki, na sikuona nianzie wapi.

Siku ya soko tuliibeba mashine, na diski zake, na kile kifaa, tukaenda Mbumbuni kwa fundi wa simu na kompyuta. Wewe uliketi ndani, mimi nikasimama mlangoni. Alichomeka, akachomoa, akatazama kioo kwa muda mrefu. Hatimaye alikuambia, "Diski ziko sawa. Mashine iko sawa. Hapa ni basi."

Sikungoja zaidi. Nilivuka barabara, nikachagua begi kubwa lenye zipu imara, nikalipa bila kubishana, jambo ambalo mwenye duka alilistaajabia. Niliporudi ulikuwa bado unazungumza na fundi.

"Babu, hiyo begi ni ya nani?"

"Ni yako, mwaitu. Nguo zako hazitakwenda Wote zikiwa ndani ya gunia."

Ulinitazama kama niliyekupiga. "Kwani unanifukuza?"

"Nakufukuzaje? Fundi amesema ni basi. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Mzee! Si basi ya kuisha. Ni basi ya kubeba."

"Basi gani liingie humu ndani?"

"Hii njia ya data, mzee; kwa kompyuta inaitwa basi. Diski mbili zimepanda basi moja, huu waya. Moja inasoma, ingine inaandika, kila moja inangojea mwenzake. Na modemu pia imekaa hapo katikati."

"Si wengine wapande lingine?"

"Hiyo tu ndiyo dawa."

Aliichomoa diski ndogo, akaichomeka katika tundu la kompyuta yenyewe, upande wa pili. Mstari wa kijani ukakimbia hata mwisho wa kioo. Ulipiga makofi. Waliokuwa wakingoja simu zao waliuliza kuna nini, nawe ukamwambia kila mmoja, "Babu amenunulia basi begi!" Wakacheka mpaka nikatoka nje.

Njiani begi ulilibeba wewe. Karibu na nyumbani uliuliza, "Ungeniacha niende bila kusema kitu?"

"Nilikuwa nimekununulia begi lenye zipu imara."

"Hiyo si kusema kitu, Babu."

Niliongeza hatua.

Tangu siku hiyo kazi zako zimekwenda upesi, na juma lililopita mwenye studio alipiga simu tena. Safari hii hakulalamika. Amekuona unafaa, anataka ukae Wote, uajiriwe. Uliniambia ukinimiminia uji, macho chini. Nikasema, "Ni vizuri," kisha nikaenda kuwatazama mbuzi, nikasimama huko kwa muda ambao mbuzi hawakuuhitaji. Redio ilikuwa juu ya kabati, kimya, nami nilijua ni kazi gani inayoingoja.

Ndiyo sababu nimekuita leo uketi uandike. Nataka ukae.

Umeacha kuandika. Andika. Ukienda sitakulaumu, na mlango utaukuta wazi. Kazi ni yako na maisha ni yako. Lakini usiende ukidhani kwamba babu yako alipenda kuwa peke yake. Habari za diski na waya unaweza kuzipunguza, maana huenda nimezikosea. Za mbuzi ziondoe kabisa ukitaka. Lakini pale niliposema nataka ukae, usipafute, usipalainishe, wala usipapeleke mahali pengine. Pahifadhi palivyo.