Bamba la Zege la Dukani Lusahunga

Risasi haikupenya. Ilikwama katikati ya bamba la zege, kama baba alivyokuwa ameahidi. Kilichomtoboa mama jicho ni kipande cha zege hilo hilo, kilichobanduka upande wa ndani, pale alipokuwa ameinama.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Malori ya chakula cha kambini yalipita Lusahunga kutwa, na mama aliwauzia madereva chai na maandazi. Lakini bunduki nazo zilikuwa zimevuka mpaka. Majambazi, ambao hatukujua walikotoka, walivamia maduka jua likizama, wakifyatua kwanza na kudai baadaye. Matofali ya udongo hayakuzuia risasi.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alimwaga bamba la saruji, mchanga na kokoto, nene kupita kiganja, akalisimamisha nyuma ya meza ya kuuzia. Wakija, mama ajifiche hapo.

“Baba watoto, unanijengea kaburi ningali hai?” mama alimtania.

“Kaburi halina chai, mama watoto. Kaa.”

Walipokuja, alijificha hapo.

Hospitali ya Biharamulo haikuweza kuliokoa jicho. Baba alirudi, akalichunguza bamba. Mbele palikuwa na tundu dogo. Nyuma palikuwa na shimo pana kama sahani. Akaelewa kuwa ugumu peke yake hautoshi; zege linahitaji kitu cha kulishika lisipasuke. Alifumua magunia ya katani, akakatakata nyuzi na kuzichanganya kwenye zege jipya. Upande wa ndani akalaza waya wa banda la kuku.

Kisha akamwendea askari wa kizuizi cha barabarani, kijana aliyezoea maandazi yetu, akamwomba alipige bamba jipya risasi moja tu.

“Shikamoo mzee. Risasi za serikali zina hesabu. Niandike nimepiga nini, ukuta?”

Baba akalisimamisha bila kulijaribu. Mama alilipapasa kwa vidole, upande wa ndani.

“Na hili likibanduka?”

“Nimeweka waya.”

“Umeona waya ukizuia?”

Baba aligonga bamba kwa ngumi, mama akatikisa kichwa.

“Basi kaa wewe.”

Akakaa yeye. Chai yake ilikuwa nyepesi, madereva wakalalamika, wengine wakahamia kwa jirani. Wakimbizi walirudishwa kwao, malori yakapungua, baba akazeeka pale mezani.

Bamba halijapigwa risasi hadi leo, na mama hajakaa nyuma yake hata siku moja.