Upande wa Mungu kwenye Mashine ya Bugwema

Ukimuuliza mtu wa Bugwema habari za Dafroza, kwanza atakutajia mdomo wake, halafu pombe yake. Vyote viwili vilikuwa vikali, na vyote viwili vilimlea mdogo wake Boniphace. Ile miaka ya mwanzo ya themanini, sabuni ikigawiwa kwa vipande na sukari ikisikika kwa jina tu, watu walikosa kila kitu isipokuwa kiu. Dafroza alikuwa amerudi kwa mama yake baada ya ndoa kumshinda. Akaotesha mtama, akaanika kimea, akapika. Pombe hiyo ndiyo iliyomvalisha Boniphace sare za shule, ikampeleka sekondari Musoma, na ikamlipia nauli alipokwenda kusomea Biblia. Huko wageni wa kanisa wakampenda, wakampeleka Marekani. Dafroza alilia siku aliyoondoka, akajisifu wiki nzima, kisha akarudi kwenye mitungi yake.

Boniphace alirudi mwanzoni mwa mwaka 1989 akiwa na suti ya kijivu, kipaza sauti cha kushika mkononi, na habari moja tu. Haikuwa habari ya maghorofa wala ya magari, ambayo ndiyo watu waliyotaka kuisikia. Ilikuwa habari ya uchaguzi. Mwaka uliotangulia Wamarekani walikuwa wakitafuta rais, na miongoni mwa waliojitokeza kugombea alikuwemo mhubiri wa televisheni. Boniphace na wenzake wa chuo walimbebea mabango na kugawa karatasi zake mlango kwa mlango kwenye baridi. Mhubiri hakufika mbali, lakini ukimsikiliza Boniphace ungedhani ameapishwa.

"Ukumbi umejaa, dada," alisema jioni ya kwanza, ugali ukipoa mbele yake. "Watu wanalia. Mtu anasimama anasema nchi hii ilikuwaga ya Mungu, imeibwa. Nani kaiiba? Anawataja. Wasioamini. Wanaovunja familia. Walimu waliofuta sala mashuleni. Ukitoka pale unamjua adui yako."

"Na akishakuwa rais anafanyaje?" Dafroza akauliza.

"Anafanyaje nini?"

"Hao watu waliolia. Anawafanyia nini?"

Boniphace akacheka, cheko la mtu aliyesoma. "Dada, usiwaambie watu utafanya nini. Waambie nani anawazuia."

Mama yao akatikisa kichwa kwa furaha, maana chochote alichosema Boniphace kilikuwa kizuri. Dafroza akaona hayo ni vituko vya Wamarekani, wabaki navyo huko huko, akamwambia ale.

Sasa, kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga. Ilikuja baada ya mambo kulegezwa kidogo, dizeli na vipuri vikaanza kuonekana tena madukani Musoma. Kabla yake wanawake walikuwa wakisaga kwa jiwe, au wanabeba madebe mpaka Butiama na kurudi na shingo zinazouma. Mwenyekiti wa komiti ya mashine alikuwa Magige, mtu mpole na mchoshi kupita kiasi. Alizungumzia mkanda wa mashine tu: umechakaa, umelegea, utakatika. Mashine ilisaga mahindi ya kila mtu, mtama wa kila mtu, na kimea cha wapika pombe, ambao ndio waliokuwa wateja wakubwa na ndio walionunua dizeli, kama ungetaka kusema kweli.

Muda wa Magige ukaisha. Boniphace akatangaza kwamba anagombea.

Uenyekiti wa mashine ya kusaga! Dafroza alifikiri ni mzaha. Lakini Jumamosi ile ile kipaza sauti kikapiga kelele sokoni, na maneno yakaanza kumwagika. Bugwema ilikuwa ya Mungu, imeibwa. Mvua zimekataa kwa nini? Ng'ombe wa Mto Mara hadi huku wanakufa kwa nini? Mashine inaharibika kila mara kwa nini? Magige, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye kigogo, akanyoosha mkono akasema ni mkanda. Watu wakamzomea. Siyo mkanda, Boniphace akanguruma, ni kimea! Jiwe linalosaga unga wa watoto asubuhi linasaga kinywaji cha Shetani mchana. Sasa uchaguzi huu si wa Magige na Boniphace. Ni wa upande wa Mungu na upande wa pili, na kila mtu achague pa kusimama.

Dafroza alisimama nyuma ya umati, mikono kiunoni, akimtazama mtoto aliyesomeshwa na kimea akikitukana kimea kwa nguvu zote, bila hata kumeza mate. Alitamani kumfuata amkate kofi. Alichokasirikia zaidi ni kwamba watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wakiitikia.

"Wamemlisha nini huko?" akamuuliza Kwangu, mjane jirani yake, ambaye naye alipika pombe.

"Anaongea vizuri lakini," Kwangu akasema, akijifuta jasho. "Mpaka nimeogopa."

Huyo ndiye Kwangu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akitukanwa.

Siku ya uchaguzi ikafika. Bugwema walichagua viongozi wa mashine kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Walianza wakati karatasi zilikuwa hazipatikani hata shuleni, wakazoea. Miaka yote mstari ulikuwa jambo la kuchekeana: huyu amekimbilia kwa shemeji yake, yule amebaki katikati. Safari hii mchungaji alikaa mbele kwenye kiti, wakwe walikuwa wanatazama, na Boniphace ameinua Biblia juu. Hebu niambie, nani mwenye akili zake angetoka mbele ya macho yale yote akasimame upande usio wa Mungu? Pelagia wa kwaya alikwenda wa kwanza. Wakafuata wengine, wakafuata wapika pombe wote, mmoja mmoja, wakiwa na nyuso za msibani. Kwangu naye akaenda. Mama akamshika Dafroza mkono, akamvuta, na Dafroza akajikuta mstarini nyuma ya mdogo wake, amenuna, akijilaani kimoyomoyo. Magige alibaki na mkewe na mzee mmoja aliyechelewa na hakuambiwa upande wa Mungu ni upi.

Kimea kikapigwa marufuku mashineni siku hiyo hiyo.

Kama yangeishia hapo, ungesema ni upuuzi tu. Lakini vijana waliokuwa wakiimba sokoni walikuwa wameambiwa adui ni nani, na hawakutaka kukaa bure. Wakaenda kwa Kwangu akiwa shambani, wakavunja mitungi yake yote, wakamwaga pombe iliyokuwa tayari mpaka njia ikanuka. Jumapili Pelagia akamwambia Kwangu, aliyekuwa akiimba naye, asikae na kwaya. Kwangu hakupiga kelele. Aliokota vigae akavirundika kando ya ukuta kama vile angeweza kuviunga, na Dafroza alipokwenda kumpa pole alimkuta ameketi tu.

Asubuhi iliyofuata Boniphace akaja nyumbani. Dafroza alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, anasaga kimea kwa mkono, mgongo unamwaka. Mama alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi.

"Dada, unajiua bure," Boniphace akasema kwa upole. "Kesho njoo mashineni mapema, kabla watu hawajaja. Nimeshaongea na Silasi, atakusagia."

Silasi ndiye aliyeendesha mashine. Dafroza akaacha kusaga.

"Si kimea ni cha Shetani?"

"Ah, dada. Yale yalikuwa ya kampeni."

Dafroza akajifuta unga mikononi. Angekuwa anaamini, angalau angegombana naye kama mtu anayegombana na mtu. Kumbe hata hakuamini! Alikuwa amejifunza namna ya kusema, basi, kama mwingine anavyojifunza kushona.

"Na mitungi ya Kwangu? Nayo ilivunjwa kwa kampeni?"

"Mimi sikumtuma mtu. Watu walizidisha."

"Basi Jumapili chukua hilo lipembe lako la kupazia sauti useme mbele ya kanisa: yale yalikuwa ya kampeni, mwacheni Kwangu."

"Haiwezekani. Watanionaje? Kule Marekani hakuna anayerudi kufuta, dada. Unaendelea mbele tu." Akamgeukia mama yao, akamwachia kipande cha sabuni, akaondoka. Mama akainusa sabuni, akasema, "Mtoto anakufikiria, na wewe unamkaripia."

Dafroza hakwenda mapema kesho yake. Alisubiri jua lipande, akampitia Kwangu, akamtwisha debe moja la kimea naye akajitwisha lingine. Kwangu alikataa mpaka njiani, akisema watapigwa. Walikuta foleni imeshajaa: Pelagia, wake wa wazee, mama yake Dafroza na mahindi yake. Boniphace alikuwa kwenye kivuli cha kibanda anaandika majina. Wakaja mwisho wa foleni, wakatua. Harufu ya kimea ilitosha kuwatambulisha.

"Mwenyekiti!" Dafroza akaita, kwa ile sauti ambayo Bugwema nzima iliijua. "Nimeleta kimea kama ulivyoniambia jana. Nimechelewa kidogo tu."

Wote waliokuwa wananong'ona wakamgeukia Boniphace.

Boniphace akatabasamu. "Dada yangu amechoka, jamani. Mimi nimwambie vile?"

"Ulisema yale yalikuwa ya kampeni."

"Ndugu zangu," Boniphace akasema akipandisha sauti, "mnaona? Adui akishindwa mlangoni anaingilia kwa ndugu yako wa damu!"

"Mama alikuwepo," Dafroza akasema. "Muulizeni."

Foleni nzima ikageuka. Mama akarekebisha kanga yake begani. Akamtazama Boniphace na suti yake, akamtazama Dafroza na vumbi la kimea kichwani, kisha akatazama chini.

"Mimi nilikuwa napukuchua mahindi," akasema. "Sikusikia kitu."

Boniphace hakupoteza nafasi. Akaanzisha wimbo, Pelagia akaudaka, foleni ikaitikia huku wengine wakipiga makofi kuwaelekea wale wawili. Kwangu akaanza kulia. Dafroza hakulia. Akaketi juu ya debe lake hapo hapo kwenye foleni.

"Imbeni," akasema. "Zamu yangu ikifika mniambie."

Boniphace akaagiza mashine izimwe mpaka najisi iondoke. Silasi akazima. Basi wakaimba. Wakamaliza beti zote, wakarudia, jua likawasogelea miguuni. Mashine iliyozimwa haisagi cha mtu wa Mungu wala cha mtu mwingine, na nyumbani kulikuwa na watoto. Wimbo ukapungua sauti, ukabaki na watu wachache, halafu ukabaki na Boniphace peke yake, na mtu hawezi kuitikia wimbo aliouanzisha mwenyewe.

Pelagia ndiye aliyechoka kwanza, kama alivyokuwa wa kwanza kupanga mstari.

"Mwenyekiti, msagie tu tuondoke. Watoto hawajanywa hata uji."

"Tumeshasema kimea ni..."

"Tumesikia. Msagie."

"Msagie, tumechoka!" wengine wakadakia, kwa hasira ile ile waliyokuwa wakimzomea nayo Magige. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyemtazama Kwangu. Walitaka unga. Dafroza aliona hata kushinda kwenyewe kunaudhi. Akasimama, akalisukuma debe la jirani yake mbele.

"Aanze Kwangu," akasema.

Silasi hakumngoja mwenyekiti. Akavuta mashine, ikakohoa, ikawaka, na Kwangu akasagiwa kimea chake mbele ya wote, machozi na unga vimemganda usoni. Boniphace akajifanya anakagua mkanda.

Waliporudi, mama akamfuata Dafroza nyuma njia nzima, debe la unga kichwani. Karibu na nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Ulitaka niseme nini? Mbele ya watu wote wale? Yule ni mwanangu."

Dafroza akasimama njiani. Aliyezoea kuwa na jibu la kila mtu alitafuta jibu la huyu, na kilichotoka kilikuwa kidogo na hakikuwa na ukali wowote.

"Na mimi, mama?"