Kunyolewa Mlangoni pa Zizi

"Huyu? Akiona mbuzi anachinjwa anaanguka. Leo akapasue watu?"

Mjomba wangu, kaka wa mama, alisema hivyo mbele ya watu waliokuja kuniaga pale Kinyangiri, na wote wakacheka. Alisema kweli. Utotoni nilizimia mara mbili kwa kuona damu ya mbuzi, na mara ya pili niliangukia chungu cha utumbo. Jirani yetu akaongeza kuwa ningerudi kabla ya mavuno. Hata hivyo walinikopesha: mjomba mtamba mmoja wa ng'ombe, jirani mbuzi wawili, shangazi blanketi. Wanyama niliwauza nikapata viatu na nauli. Baba alikuwa amekufa. Sikuwa na pengine pa kushika.

Nilipanda garimoshi hapohapo, maana siku hizo reli ilikuwa bado inafika Kinyangiri. Niliporudi na diploma ya utabibu kutoka Uganda, walikuwa wamekwisha kuing'oa.

Sifa yangu sitaificha. Darasani walikuwamo watoto wa watemi na wa makarani, waliokua wakinywa chai ya maziwa kila asubuhi. Siku ya kwanza katika chumba cha maiti, wawili wao walitoka nje kutapika. Mimi nilisimama. Niligundua kwamba nikitazama kitu kimoja tu, ini peke yake au mfupa peke yake, sizimii. Mwalimu wetu, Mwingereza mwenye sauti ya chini, aliniona, akanifanya msaidizi wake kwa maiti zilizoletwa na polisi. Kwake nilijifunza kwamba jeraha la mtu aliye hai huvilia damu, na la mtu aliyekwisha kufa halivilii. Neno "nadhani" alilikataza.

"Andika ulichoona," alisema. "Ulichodhani kitundike mlangoni pamoja na kofia."

Nilipangiwa hospitali ya Singida, na huko pia kupasua maiti za polisi kukawa kazi yangu. Nilipopata uwezo nilinunua mtamba, mbuzi wawili na blanketi, nikavaa suti, nikaenda nyumbani. Mjomba alikuwa mlangoni pa zizi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Rudisha huyo mnyama."

Kwetu aliyeshika maiti haendi kwenye ng'ombe mpaka anyolewe. La sivyo ng'ombe huharibu mimba. Nilimwambia niko tayari kunyolewa.

"Leo utanyolewa, kesho utashika mwingine. Utanyolewa mara ngapi, mpwa wangu? Kichwa kitaisha."

Jirani na shangazi wakamfuata yeye. Hata blanketi lilikataliwa. Wanyama niliwaacha kwa mfugaji mmoja wa Unyambwa. Nilikuwa mtu wa kwanza kijijini kupata diploma, na bado nilikuwa mdeni, tena kwa lazima.

Mwaka uliofuata mtoto wa mjomba alikwenda porini na mwenzake kurina asali. Alirudi peke yake. Mwenzake alikutwa chini ya mti, kichwa kimepasuka juu ya jiwe, na watu walikumbuka kuwa wawili hao waliwahi kugombania mzinga. Askari wa mtemi wakamkamata binamu yangu. Maiti ililetwa kwangu kwa lori, na mjomba alikuja nalo. Alisimama mbali na mlango wa chumba changu.

"Utaandika nini, mwanangu?"

"Nitakachoona, mjomba."

"Hata kikiwa kibaya?"

"Hata kikiwa kibaya."

Akaenda kukaa kwenye kivuli cha lori.

Nilimwambia daktari wa wilaya kwamba mshtakiwa ni ndugu yangu. Akasema basi atasimama kando yangu aangalie kila ninapokata. Nikakata. Jeraha la kichwa lilikuwa pana, lakini damu iliyovilia chini yake isingejaza kijiko: moyo ulikuwa unasimama alipogonga jiwe. Ndani ya mdomo na kooni nilikuta miiba tisa ya nyuki, na koo limevimba likaziba. Nyuki walimwingia mdomoni akiwa juu ya mti, akakosa pumzi, akaanguka. Ningekuta damu nyingi imevilia ningeandika hivyo pia, na binamu yangu angenyongwa. Daktari alitia sahihi chini ya yangu bila kubadili neno. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akamwachia.

Baada ya mavuno mjomba aliniita. Nilikwenda na wanyama walewale na blanketi. Mtamba sasa alikuwa na mimba kubwa. Mlangoni pa zizi palikuwa na kigoda, bakuli la maji na wembe.

"Kaa."

Alininyoa yeye mwenyewe. Wembe uliteleza, akanikata juu ya sikio. Niliitazama damu yangu ikidondoka kwenye suti. Sikuzimia.

"Hii itatosha mpaka utakapostaafu," alisema, akaichukua kamba ya mtamba mkononi mwangu, akamwingiza zizini.

Jirani na shangazi walikuwa wamesimama nyuma yake wakingoja zamu yao ya kupokea. Jua lilipogeuka, hapakuwa na mtu Kinyangiri aliyenidai.