Skuta Iliyolia Kuliko Wafiwa

Kuna watu Kibuta ambao mpaka leo wakiniona nakuja wanaziba masikio kwanza ndipo wananisalimia, na siwalaumu, kwa sababu ningekuwa mimi ndiye niliyeshuhudia nilichokifanya kwenye mazishi ya Mzee Kondo nisingeishia kuziba masikio, ningehama. Nalisimulia mwenyewe kwa kuwa nimegundua kwamba nikiwaachia wengine, kila likizunguka linarudi limeongezwa chumvi, na chumvi mimi ninayo ya kutosha, ni muuza mihogo.

Wananiita Mama Kulwa. Nakaa Misugusugu na kijiwe changu cha kukaanga kiko Kongowe (Kongowe yetu ya Kibaha, siyo ile ya Dar, kuna mteja aliwahi kunipigia simu akiwa Kongowe ile nyingine, anagomba kabisa, anauliza mbona nimefunga). Kwetu ni Tabora, Mnyamwezi wa baba na mama, na sokoni nina sifa moja: nahesabu kila kitu mara mbili. Watu wanasema ni kwa sababu nilizaa mapacha. Siyo. Ni kwa sababu ya kuishi na watu.

Mihogo yangu ilikuwa inatoka Kibuta, shambani kwa Mzee Kondo, Mzaramo mmoja mpole asiye na maneno mengi, ambaye alikuwa ameniahidi kwamba shamba lake lote msimu huu ni langu, nitakuwa nang'oa kidogo kidogo kila ninapohitaji. Hatukuandikiana, tulipeana mkono tu. Shida ilikuwa usafiri, maana bodaboda walikuwa wanaila faida yangu kabla mimi sijainusa, ndipo nikasema sasa nanunua chombo changu mwenyewe, skuta, zile za bei nafuu zinazotoka China, ambazo mwanamke anakaa na kitenge chake bila kurusha mguu kama anapanda farasi.

Dukani nikakuta zipo za namna mbili. Kuna iliyofungwa tayari, inang'aa, na kuna iliyo kwenye boksi, vipande vipande, bei yake chini kidogo.

"Dada, chukua iliyofungwa," muuzaji akaniambia. "Hii ya boksi itakutaka fundi."

"Fundi atafanya nini?"

"Ataifunga."

"Kwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi hata mimi ninayo. Nipe boksi, na unipunguzie tena, maana nakuondolea mzigo dukani."

Akapunguza, huku ananiangalia kwa huruma ambayo wakati ule niliiona kama dharau. Niliondoka pale najiona nimempiga bao. (Ukitaka kujua mkasa wangu ulianzia wapi, ulianzia hapo, kwenye kuringa.)

Tukatandika mkeka uani, mimi na Baba Kulwa, tukamwaga vitu vyote, nikahesabu, nikahesabu tena: hakuna kilichopungua, mpaka rimoti mbili za king'ora zipo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina, tukaenda kwa picha, na kwa ugomvi, na jioni ya siku ya pili ikawaka. Baba Kulwa akachukua rimoti moja akajaribu: akabonyeza, ikajifunga, pi, akabonyeza, ikajifungua, pi pi. "Safi," akasema, akaitia mfukoni kwenye suruali yake ya kazi. Ile ya pili nikaiweka kabatini ndani ya nailoni yake. Akiba ni akiba.

Kisha ikaja habari ya usajili. Wakanitaka niwape namba ya chesesi, na picha yake, na hiyo namba imechongwa chini kwenye chuma, mahali ambapo sisi tulishafunika na ile plastiki ya kukanyagia kwa ustadi wetu wote. Nikafumua nusu ya kazi yangu ili serikali isome. Wakati narudishia ndipo nikaona, kwenye kile kiboksi cha king'ora, kuna kiskrubu kidogo kimechorewa kengele ndogo upande huu na kengele kubwa upande ule. Mimi na wezi hatuelewani. Nikakizungusha kuelekea kengele kubwa mpaka kikagoma. Nikapeleka karatasi zangu, wakaniambia namba itatoka baada ya siku chache, mpaka hapo chombo kikae nyumbani. Nikaitikia kwa adabu zote na nilimaanisha.

Ijumaa asubuhi simu ikaita. Mzee Kondo katutoka usiku, mazishi baada ya sala ya Ijumaa.

Niliumia, kweli niliumia, yule mzee alikuwa anaongezea mhogo mmoja juu ya kiroba kilichojaa bila kuombwa, na watu wa namna hiyo si wengi. Lakini nisiwafiche, baada ya kuumia nikalikumbuka shamba. Ahadi ilikuwa ya watu wawili na mmoja ndiyo huyo kafariki, halafu kulikuwa na mnunuzi mmoja mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anatoka mjini, amekuwa akilizunguka lile shamba kama kunguru. Nikisema ningoje usafiri wa kuungaunga, nitafika watu wanakunja mikeka, na mwenye kirikuu keshakaa na wafiwa tangu asubuhi.

Nikaiangalia skuta. Skuta ikaniangalia.

Baba Kulwa alishakwenda kazini, na rimoti yake mfukoni (bahati nzuri alfajiri alikizima king'ora ili aisogeze skuta apate kupita). Nikachukua ile ya kabatini pamoja na ufunguo, nikavifunga kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo, nikaondoka kwa njia za ndani nisikutane na trafiki. Nikapita chini ya reli ya treni ya umeme, nikapita mikorosho, mchanga, nikaanguka mara moja taratibu mahali ambapo hapakuwa na mtu (kwa hiyo haihesabiki), nikafika Kibuta kabla ya maiti kutolewa ndani. Nikaiegesha pembeni mwa njia, nikachomoa ufunguo, nikafunga fundo langu upya, nikaenda kukaa mkekani na wanawake wenzangu. Yule wa kirikuu alikuwepo, kanzu nyeupe, yuko karibu sana na wafiwa.

Sasa hizi skuta ukizima injini zinajiwekea ulinzi zenyewe. Hilo nalijua leo.

Jeneza likatoka. Wanaume wakalipokea kwa tahlili, wengi kweli, wanapokezana mabegani, wanakuja kwa ile njia, ardhi inatikisika kwa miguu yao, na hakuna aliyeigusa, naapa, hakuna hata aliyeigusa, ni ile mitikiso tu, mara skuta ikapiga ukelele.

Kwanza ikalia kama gari la zimamoto. Wabebaji wakashtuka, jeneza likayumba, watu wakasema "Bismillahi!" Kisha ikabadilisha ikalia kama bata anayekabwa. Kisha, na hili sikuwa nalijua kwa sababu nyumbani haikuwahi kufika mbali hivyo, ikatoka sauti ya mwanamke, kali, inafoka kwa Kichina, maneno yale yale, anarudia na kurudia, kama anadai kitu chake.

Nikakimbia huku nahangaika na pindo la kanga. Fundo halifunguki. Nikaling'ata, mbele ya mashehe, mbele ya wakwe wa watu, natafuna kanga kama mbuzi. Likafunguka, nikashika rimoti, nikabonyeza. Kimya cha rimoti, kelele za skuta. Nikabonyeza tena. Nikaielekeza angani. Nikaipiga gotini. Hakuna! Nikaona bora niifunike, nikairukia na kuikumbatia kwa tumbo langu lote, kumbe kwa waliokaa mbali ilionekana kama nimezidiwa na majonzi, nalilia pikipiki.

Mwishowe akili ikarudi. Nikatumia ufunguo kufungua siti, nikaingiza mkono kwenye zile nyaya nilizozifunga mwenyewe, nikang'oa ya kwanza niliyoishika, na ya pili, na ya tatu. Ikanyamaza. Jeneza lilishafika mbali, wanaume wanalikimbiza kama wameliiba.

Uani pale kila mtu akawa anatafuta pa kutazama. Ndipo dirishani, kutoka chumba alichokalia eda, ikasikika sauti ya mjane, Bi Kidawa, ambaye wenzangu walikuwa wameniambia tangu usiku hajatamka neno.

"Na huyo mwanamke anayefoka kwenye mazishi ya mume wangu ni nani?"

Wanawake wakaniangalia mimi, nami nikaiangalia skuta.

"Nauliza. Kama ni mke mwenzangu mwambieni aingie ndani tugawane eda, siyo kutukana watu njiani."

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko, wa pili akashindwa kukohoa, basi, mkeka mzima ukalala chini. Nami nimesimama katikati na nyaya mkononi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini nikaitwa. Mdogo wake marehemu, Mzee Mwinyimkuu, alikuwa amekaa kwenye kiti, kanzu imejaa vumbi, hacheki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ulikusudia au hukukusudia?"

Nikaanza, "Babu, rimoti ile..." Akainua mkono.

"Sikuulizi habari za rimoti. Wewe si Mnyamwezi?"

"Ndiyo, babu."

"Na sisi Wazaramo. Watani wetu nyinyi, tangu babu zenu wanashuka huku na pembe za ndovu kichwani na miguu imevimba. Sasa sikiliza. Ukisema hukukusudia, umetuvunjia heshima, na hilo lina mbuzi wake wa faini. Ukisema ulikusudia, huo ni utani, hauna mbuzi. Lakini watani msibani wana kazi zao, unazijua."

Ninazijua. Kuteka maji, kuchochea moto, kuosha masufuria mpaka siku ya kumaliza msiba. Nikapiga hesabu, mara mbili. Nikafungua mdomo nipunguziwe, nikauangalia uso wake, nikaufunga.

"Nilikusudia, babu."

Akaniangalia akijua, nami nikamwangalia nikijua kwamba anajua. "Watani wamefika!" akatangaza, na hapo hapo mtu akanitupia steelwire ya kusugulia vyombo.

Yalikuwa masufuria ya kulishia kijiji. Nilisugua mpaka kucha zikawa fupi kuliko za mapacha wangu. Kwenye simu Baba Kulwa akaniuliza, "Skuta inaendeleaje?" nikamjibu, "Imenyamaza," akasema, "Namba haijatoka, umeipeleka wapi?" Nikamwambia mtandao unasumbua. Watoto wakawa wanapita wananiuliza yule mama wa Kichina kalala saa ngapi.

Siku ya tatu, hitma imeshasomwa, yule wa kirikuu akamfuata Mzee Mwinyimkuu kuhusu shamba. Mzee akasema shamba ni la Bi Kidawa. Jamaa akasogea dirishani kwa mjane, akaeleza kwa lugha tamu kwamba yeye ana gari, atang'oa lote kwa siku mbili, analipa palepale, mama atapumzika. Bi Kidawa akaniita, nikaenda na masizi yangu mpaka kwenye viwiko.

"Haya mtani. Huyu anang'oa lote kwa siku mbili. Na wewe?"

"Mimi bibi nang'oa viroba viwili kila safari, kama nilivyoelewana na marehemu. Sina la kuongeza."

Akauliza, "Huyu akija usiku na gari lake akang'oa matuta ambayo sijamuuzia, nitajuaje?"

Mwenye kirikuu akasema, "Mama, mimi ni mtu mwaminifu."

"Sijakataa. Na huyu mtani akija?"

Kutoka jikoni mwanamke mmoja akapaza sauti, "Huyo akija watajua mpaka Kisarawe mjini!"

"Basi," Bi Kidawa akasema. "Mihogo ni ya mtani. Ila yule mke mwenzangu asinyamazishwe. Kila ukija, kabla hujagusa shina, apige hodi."

Nilirudi nyumbani nikairudishia nyaya, safari hii pamoja na fundi, nikamlipa na sikumwomba apunguze. Ndiye aliyeifungua ile rimoti ya kabatini akavuta kikaratasi cha plastiki kilichokuwa kimeizuia betri isiguse, kile ambacho kila mtu huvuta siku ya kwanza. Vitu vyangu nilikuwa nimevihesabu mara mbili. Kujaribu, tulijaribu mara moja, tena kimoja. Tangu siku hiyo nimeapa: sikazi skrubu nisiyoijua kazi yake, siendeshi chombo kisicho na namba, na cha akiba nakijaribu kwanza ndipo nakiita akiba.

Namba ilitoka, kadi ikatoka, nikaisoma kadi mara mbili: mmiliki ni mimi. Hiyo ni kwa mujibu wa serikali. Kibuta nikifika ukingoni mwa shamba napiga tairi teke, yule mama anafoka Kichina chake mpaka kuku wanakimbia, na kutoka uani namsikia Bi Kidawa, eda keshamaliza, anawaambia wajukuu zake, "Mpelekeeni maji, mke mwenzangu kaja." Maji yenyewe nakunywa mimi.