Gitare ya Mdogo Wangu Ilivyokuwa Ikilia

Bukavu, Jumamosi. Mwaka wa ishirini na saba tangu nikimbie kijijini kwetu, Luhwindja.

Leo nimetengeneza gitare ya marehemu mdogo wangu, na mjane wake ameniamuru niiharibu tena.

Ameileta kutoka kijijini ili ipigwe leo kwenye matanga.

Ina mikro mbili, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Kila moja peke yake ililia vizuri. Nikiziwasha pamoja, sauti inakonda, besi inapotea. Ugonjwa huo naujua: moja imeungwa kinyume, zinauana.

Nikageuza waya za moja, nikalehemu, nikapiga.

Sauti nene! Nilijipongeza, msinicheke.

Mjane akatoka jikoni.

"Shemeji, hiyo gitare ni ya nani?"

"Si ya bwana yako?"

"Hapana. Yake ilikuwa inaliaka mu mapua, sawa mbuzi. Sasa umemufukuza hata mule ndani!"

Nikarudisha waya kama zilivyokuwa. Nikapiga. Akakaa chini, akalia.

Mafundi wenzangu, ninyi mngefanyaje?

Baadaye akaniomba twende wote kaburini. Nyumba tulimozaliwa sasa ni shimo la dhahabu, na mdogo wangu amezikwa kando yake.

Nimemwambia ukweli. Sitarudi Luhwindja.