Shemeji na Zamu ya Maji

Mtu ambaye hajawahi kushika jembe akianza kukuuliza mahindi yako yanaendeleaje, mwangalie vizuri.

Ukame wa miaka ya sabini ulimaliza karibu ng'ombe wetu wote, tukagawiwa mashamba kule Kinna. Mume wangu alikuwa ameshakufa. Wanaume walisema kuchimba udongo si kazi ya mfugaji, wakaenda kukaa dukani kunywa chai. Mfereji wa kuleta maji shambani tuliuchimba sisi wanawake, watoto mgongoni. Hakuna aliyetusumbua mpaka mahindi yakatoa mbelewele. Hapo ndugu wa marehemu akaanza kupita kwangu kila asubuhi.

"Salaam aleikum, shemeji. Maji yanafika?"

Salamu niliijibu. Hilo lingine nililiacha.

Haikupita muda wanaume wakaita baraza, wakamchagua yeye awe mzee wa zamu. Akatangaza kwamba maji yatafuata desturi ya kisima: mwenye ng'ombe anatangulia, mwenye mbuzi anangoja. Mimi nilikuwa na mbuzi tu. Mahindi yangu yalikuwa yanabeba, na yakikosa maji wakati ule unavuna majani. Tena akaongeza, shamba la mjane likikauka litarudi kwa ndugu za mume. Ndugu mwenyewe ni yeye. Zile salamu zake nikazielewa.

Kwetu mwanamke hasemi mbele ya wazee. Nikasimama.

"Shemeji, kisimani nani hunywesha kwanza?"

"Konfi," akasema. Konfi ni yule aliyechimba kisima. Hata mwenye ng'ombe wengi vipi humngoja.

"Na mfereji, konfi wake nani?"

Akawageukia wazee. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Msimlaumu. Siku ile chai yake ilikuwa inapoa." Wazee wakakohoa kuficha kicheko.

Shemeji akajibu kwamba mwanamke hawezi kuwa konfi. Nikamwambia basi mfereji hauna mwenyewe, kila mmoja wetu ataenda kufukia kipande alichochimba. Wenzangu walikuwa wamekuja barazani moja kwa moja kutoka shambani, majembe mkononi. Wazee waliyaona.

Ikaamuliwa waliochimba watangulie. Shemeji akanipongeza, akatabasamu sana.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na jembe pale maji yanapoingia, mpaka mstari wa mwisho ukalowa. Msimu uliofuata nilisimama tena. Mtu anayekubali kushindwa upesi namna ile, maji yake siyaamini.